Kopo la Vibandani

Kazi yangu ilikuwa umbea. Kwenye kitambulisho waliandika Mfuatiliaji wa Maambukizi, Daraja la Pili, Hospitali ya Bondwa, Morogoro. Ila ukiondoa hayo maandishi na koti jeupe, kinachobaki ni mwanamke anayekaa na watu akawauliza nani kala na nani.

Mashine tulikuwa nayo. Inaitwa Nasaba, imeshika ukuta mzima wa maabara, na ukiipa tone la usaha inakusomea bakteria huyo mama yake nani, bibi yake nani, alitoka kwenye tumbo la nani hata akafika kwenye kidonda cha nani. Kila mtu inamchora kama duara, na mistari inapita kati ya maduara. Lakini Nasaba haijui kwamba Bi Fulani na wifi yake hawasemezani tangu arusi ya mwaka juzi, kwa hiyo hata wakiapa walikula sahani moja, wanakudanganya. Hayo nilikuwa nayajua mimi.

Jumatano ile nilikuta banda la ndugu limejaa. Banda hilo liko nje ya wodi ya upasuaji, upande wa jikoni, na ndiyo sehemu pekee ya hospitali niliyokuwa naipenda kwa moyo. Mikeka imetandikwa, mahotipoti yamepangwa ukutani, watoto wanalala popote. Mlangoni pa wodi limesimama geti la pumzi: unapumulia kwenye kijidirisha, linatambua pumzi ni ya nani na kama kaandikwa mbebaji, taa ikiwaka kijani unaingia, ikiwaka nyekundu unarudi ulikotoka. Nje ya mstari wa njano, juani, alikaa mzee mmoja mwekundu, yaani geti humwakia nyekundu, mwezi wake wa kumi na moja huo, akimpigia mkewe kelele kupitia dirisha la wodi amuulize kama kameza kitu. Mke anajibu, mzee hasikii, watu wa bandani wanampelekea jibu kwa zamu.

Nilivua viatu nikakaa kati ya Mama Fulgence na mkwe wake, Anitha.

"Umekuja kutuhoji tena, Bi Mwajabu," alisema Mama Fulgence. "Tulishasema. Sisi tunakula kwetu."

"Sijaja kuhoji, mama. Nimekuja kupumzisha miguu. Sogea kidogo."

Akasogea, lakini kwa kinyongo. Mwanawe, Fulgence Kobelo, alikuwa fundi wa paneli za jua. Wiki mbili nyuma aliteleza kwenye paa la shule, mfupa wa mguu ukatoka nje. Madaktari waliurudisha vizuri, kisha siku ya tano kidonda kikaanza kunuka. Hospitali ilikuwa imebakiwa na antibayotiki aina nne tu, ziko kwenye kabati la chuma linalofunguliwa na madaktari wawili kwa pamoja. Wakazijaribu zote nne. Bakteria wa Fulgence wakazila kama watu wanavyokula ubwabwa.

Tulikuwa tumempima mama yake, Anitha, dada zake, na mafundi wenzake. Wote safi. Bado kwenye ukuta wa Nasaba lilikuwepo duara moja tupu, lisilo na jina, na mistari yote ilikuwa inatokea humo.

Mimi siulizi ugonjwa. Nauliza chakula.

"Anakula lakini?" nikamuuliza Anitha.

"Wapi. Uji wa hapa anaufunika na sahani. Anasema una harufu ya sufuria."

"Kweli, hawaujulii. Hauna hata ndimu."

"Na yeye alivyozoea ule wa pilipili manga," akadakia Mama Fulgence, "alipoanguka ule ndio ulimrudishia roho, maana alikunywa bakuli mbili pale pale kwa..."

Akanyamaza. Anitha alikuwa amemfinya paja, nilikiona kidole.

"Kwa nani, mama?"

"Nyumbani."

Mwanamke aliyekuwa anachambua mchele pembeni yetu akaacha kuchambua. Morogoro nzima ina watu wanaopika uji, ila uji wa pilipili manga iliyosagwa mbichi, pamoja na jani la mchaichai, unapikwa nyumba moja, mtaa wa Vibandani. Nimekuzwa na uji huo. Anayeupika ni mama yangu mkubwa, Bi Mwanahawa, aliyenilea tangu nina miaka minne.

"Mlimpitisha kwake kabla ya kumleta hapa," nikasema.

Anitha akakunja ncha ya khanga yake, akaikunjua. "Dada Mwajabu, hatukutaka kukuficha wewe. Tulitaka kumficha yeye, na wewe ndiye mwenye koti."

"Alimpa uji tu?"

"Uji, na vidonge viwili. Vya kwenye kopo."

Kopo nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimeamua siku nyingi kwamba silijui.

*

Daktari Nehemia Lusinde, mkuu wa maabara, ni mtu wa Dodoma, mrefu, mpole, anayeongea na ukuta kuliko anavyoongea na watu. Nilimkuta amesimama mbele ya Nasaba na kikombe cha chai kilichopoa.

"Huyu hapa," akasema, akigusa duara tupu, "ndiye mama yao. Bakteria huyu amezaliwa kwake. Mtu huyu amekula vidonge vya kila namna, nusu leo, robo kesho, miaka kadhaa. Kila nusu dozi inaua bakteria wanyonge na kuwaacha wakorofi. Wakorofi wanazaana. Siku moja unapata mkorofi asiyeogopa kitu."

"Mbona mwenyewe haumwi?"

"Hilo ndilo zuri lake." Akageuka, na macho yake yalikuwa yamechangamka. "Haumwi kwa sababu anaye pia mlaji."

Walaji ni virusi wadogo wanaokula bakteria. Kila mlaji ana bakteria wake mmoja, mwingine hamgusi. Tangu dawa zianze kushindwa, hospitali zinawafuga kwenye chupa, na wafanyakazi wote tunakunywa kikombe kimoja cha walaji wa kawaida Jumatatu asubuhi. Lakini bakteria mpya anataka mlaji mpya, na huyo hupatikana kwa mtu yule yule aliyemlea bakteria. Wanakaa tumboni mwake wote wawili, mmoja anazaa, mwingine anapunguza, mwenye tumbo anakula na kulala bila habari.

"Nipatie mate yake," akasema Daktari. "Hata kijiko alicholamba. Nikikipata kesho, Jumamosi nina chupa kamili, na fundi wako anabaki na mguu. Nisipokipata, Jumatatu tunakata juu ya goti, na hata hapo sikuahidi kitu."

"Na jina?"

"Jina ni la kwako kulijaza, Bi Mwajabu. Mlaji hana haja na jina."

Alisema hivyo akiwa ameangalia chai yake. Fomu ilikuwa wazi pale ukutani, chini ya duara. Mstari mmoja wa jina la chanzo, na pembeni kitufe kidogo cha kijivu: Chanzo hakijulikani. Nilishawahi kukibonyeza mara kadhaa, kwa haki kabisa, maana watu wengine huwezi kuwapata. Ukijaza jina, mtu huyo anakuwa mbebaji. Geti la pumzi litamwakia nyekundu miezi kumi na nane, hospitali, shule, kumbi za arusi, misikiti, makanisa, misibani. Nyumba yake inachorewa mstari wa njano, na asiye mbebaji haruhusiwi kuuvuka.

Ukimjua Mama Mkubwa utaelewa kwa nini sikulala vizuri.

*

Nyumba ya Mama Mkubwa haijawahi kuwa na mlango uliofungwa mchana. Alhamisi saa saba nilihesabu watu kumi na tisa uani, na hakukuwa na shughuli yoyote. Walikuwa wamekuja tu. Wawili wanasukana, mmoja anatengeneza feni, mabinti wa chuo wamekuja kuchajia simu na wamekaa mpaka chakula. Bi Mwanahawa mwenyewe alikuwa kwenye kigoda chake, mwiko mkononi, miaka sabini na moja, mguu mmoja umenyooshwa kwa ajili ya goti.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Umekonda. Huko hospitali mnalishana dawa tu. Chukua sahani."

"Nitachukua."

"Na kile kikoti chako kitundike mbali, kinawatisha wageni wangu."

Watu wakacheka. Nikatundika koti kwenye kamba ya nguo, nikachukua sahani.

Hatujafika katikati ya chakula akaingia Mwasiti, jirani wa nyumba ya tatu, na mwanawe wa miezi tisa begani. Mtoto anakohoa kikohozi cha kubweka. Mwasiti aliponiona akasita mlangoni.

"Pita," Mama Mkubwa akamwambia. "Huyo ni mtoto wangu kabla hajawa mtu wa serikali."

Akajinyanyua, akaingia ndani, akatoka na kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, picha ya ng'ombe imefutika imebaki pembe. Toka dawa zilipofungiwa hospitalini, Vibandani nzima iliweka humo mabaki: vidonge vitatu vya marehemu fulani, vya mtu aliyepona kabla ya kumaliza, vya ndugu aliyetoka safari. Kila aliyebakiza alileta. Kila aliyeumwa alikuja. Mama Mkubwa alichagua, na kabla ya kumpa mtu alifanya jambo ambalo nimeliona maisha yangu yote bila kuliangalia.

Alichukua kidonge cha manjano, akakikata kwa meno, akaweka kipande ulimini. Akafumba macho. Uani wote walinyamaza, hata yule wa feni.

"Hiki bado kizima," akasema baadaye. "Hakijachacha. Kingechacha kingewasha huku kwenye koo."

"Mama Mkubwa," nikasema, "unaonja kila siku?"

"Kila anayekuja. Nitampaje mtoto wa mwenzangu kitu sikijui? Kikiwa sumu kianze na mimi. Mimi nimeshakula chumvi yangu."

Kila siku, na kila aina, kipande kidogo. Daktari Lusinde hakuhitaji kunieleza zaidi. Mama Mkubwa hakuwa ameiba dawa wala kuuza dawa. Alikuwa anawaonjea watu.

Kilichobaki akakiponda kwa kisigino cha kijiko, akakichanganya na uji, akaonja tena uji kama hauchomi, na kwa kijiko hicho hicho akamlisha mtoto wa Mwasiti. Mara tatu. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale. Nina kitambulisho, nina mafunzo ya miaka mitatu, na nilishika sahani yangu nikatazama. Nilikuwa nafikiria kijiko.

Alipokiweka chini nikajidai nakusanya vyombo. Nikakiingiza kwenye mfuko wa nailoni, mfuko kwenye pochi, nikaaga.

"Umekula kama ndege," Mama Mkubwa akalalamika. "Ijumaa uje ule kama mtu."

*

Ijumaa jioni Nasaba ilichora mstari mmoja mnene kutoka kwenye kijiko hadi kwenye duara tupu. Ni yeye, bila shaka yoyote. Mlaji naye alikuwemo, amenenepa, amekwishaanza kuzaana kwenye chupa. Jumamosi wakamwagia Fulgence kidondani na kumnywesha. Jumapili asubuhi homa ikashuka, akaomba maji ya kunawa uso, na Mama Fulgence akalia bandani mpaka watu wakadhani amefiwa.

Kwa hiyo mguu ulikuwa umepona bila mimi kuandika chochote. Nilikaa mbele ya fomu, kidole kiko karibu na kile kitufe cha kijivu. Nani angenilaumu? Daktari alikuwa ameninyamazia makusudi. Familia ya Kobelo isingesema hata ukiwabana na koleo. Kopo ningelichukua mimi mwenyewe kimya kimya nikalichoma.

"Kabla hujabonyeza," Daktari akasema nyuma yangu, taratibu, "ngoja nikuonyeshe. Sasa duara lina mate, Nasaba imeweza kuunganisha na kesi za zamani."

Mistari mitatu ikaota kutoka kwenye duara, mmoja baada ya mwingine. Mwanamke aliyelazwa Novemba, kibofu, akapona kwa shida. Kijana wa Februari, masikio, hasikii tena kwa sikio la kushoto. Wa tatu duara lake lilikuwa jeusi.

Lilikuwa la Mzee Kibiki, fundi viatu, aliyefariki mwezi wa Machi. Nyumba yake inatazamana na ya Mama Mkubwa. Nilikumbuka msiba, maana nilihudhuria. Mama Mkubwa ndiye aliyesimamia sufuria siku tatu, akawalisha waombolezaji wote, na kwa namna yake kila sufuria aliionja kwa mwiko.

Kopo ningelichoma, sawa. Lakini bakteria hakuwa kwenye kopo. Alikuwa kwenye mwiko, na mwiko ule hauna siku ya kupumzika.

Niliiacha fomu wazi, nikaondoka.

*

Kuongea na Mama Mkubwa peke yake ni kazi kuliko kumpata waziri. Jumapili hiyo mchana ilibidi niwaombe watu watoke, na walitoka, wakaenda kusimama nyuma ya ukuta wa uani ambako kila neno linasikika.

Nilimweleza yote. Kuhusu nusu dozi, kuhusu wakorofi, kuhusu kijiko nilichoiba. Hakunikatiza. Alikuwa anakwangua ukoko kwenye sufuria, akaendelea kukwangua hata pale palipokwisha kuwa safi.

"Kwa hiyo mtoto wa Kobelo nilimuumiza mimi," akasema.

"Na aliyemponya ni wewe. Mlaji ametoka kwako."

"Usinibembeleze, Mwajabu. Nakujua ukibembeleza, sauti inakuwa ya redio." Akaweka sufuria chini. "Kuna aliyekufa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo njia nzima, na jibu nililoliandaa halikuwa la kweli.

"Yupo," nikasema.

Hakuuliza nani. Aligeuza uso akatazama mlango wa nje, upande ule wa nyumba ya Kibiki, kwa muda mrefu. Nyuma ya ukuta mtu alikohoa akazibwa mdomo.

"Miezi mingapi?"

"Kumi na nane."

"Na mstari mlangoni."

"Na mstari."

"Basi hiyo siyo kumi na nane. Mimi bila watu sifiki wa sita. Na siku hiyo hamtaandika kwamba kilichoniua ni bakteria."

"Ndiyo maana sijaandika kitu. Nimekuja kukuuliza."

"Unaniuliza nini? Niseme niache kupika? Nikae humu ndani mwenyewe bila mstari, nijifungie kwa hiari, halafu anagonga mtu ana mtoto anakohoa, unadhani nitamjibu kupitia dirisha?" Akatikisa kichwa. "Sijiamini. Nijijuavyo mimi nitafungua."

Nikamwambia jambo nililolifikiria njiani. Fomu ina ukurasa wa pili: Wote waliokula naye. Wafuatiliaji huandika watatu wanne, kwa sababu kila jina ni mtu utakayemfungia milango na atakayekuchukia. Lakini sheria inasema wote. Na sheria hiyo hiyo inasema wabebaji wa bakteria mmoja wanaweza kukaa pamoja, kwani hawana kipya cha kupeana.

"Nikiandika mtaa mzima," nikasema, "wakapimwa wote, watakaopatikana watakuwa ndani ya mstari na wewe. Nitaanza na jina langu. Ijumaa zote nakula hapa, lazima ninaye."

"Na kazi yako?"

"Mfuatiliaji mwekundu hana kazi."

Alinitazama vile alivyokuwa ananitazama nikiwa mdogo nimesema nimeshiba na bado nina njaa.

"Hapana," akasema. "Hutawaandika."

"Mama Mkubwa..."

"Hutawaandika wewe. Watajiandika." Akapaza sauti kuelekea ukutani. "Ingieni. Huko mnasikia nusu nusu, mtakwenda kueleza vibaya."

Wakaingia, vichwa chini, kama kumi na watano hivi, na wengine wakawafuata kutoka barabarani. Mama Mkubwa hakusimama, kwa sababu ya goti. Aliwaambia akiwa amekaa, kwa maneno mafupi. Kwamba alikuwa anawaonjea dawa akidhani anawakinga, kumbe alikuwa anapika ugonjwa tumboni mwake na kuwapakulia. Kwamba kuna waliougua. Kwamba kuna aliyezikwa. Kwamba Mwajabu ana fomu, na atakayetaka kupimwa aseme jina lake kwa mdomo wake, na asiyetaka aende salama, yeye hana kinyongo naye.

Mwasiti alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. Akamtazama Mama Mkubwa, akageuka, akatoka. Tulisikia kandambili zake mpaka kona.

Yule wa feni, Kaduma, akawa wa kwanza. "Niandike. Nimekula hapa tangu mke wangu aondoke. Nikipimwa nikawa safi nitashangaa."

"Niandike na mimi," akasema msusi. "Ila mume wangu asiambiwe, yeye anajua nashinda kwenye kikundi."

Kicheko kikapita, kidogo, cha pua. Mwanamke mmoja akasema kwa uchungu kwamba ana binti anayejifungua mwezi ujao, na sasa atamshikaje mjukuu, nani atamrudishia mwezi huo. Mama Mkubwa akamjibu, "Hakuna atakayekurudishia. Nisamehe." Mwanamke yule akafuta uso, akasema jina lake.

Waliandikwa arobaini na mmoja. Jina la kwanza kabisa lilikuwa langu.

*

Majibu yalitoka baada ya siku nne. Ishirini na tatu walikuwa wabebaji. Afisa afya wa kata alikuja na rangi, akachora mstari wa njano hatua moja kutoka mlango wa Bi Mwanahawa, akalichukua kopo akiwa ameliweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Alikuwa binti mstaarabu. Alimuomba Mama Mkubwa radhi kwa kuchafua sakafu.

Mwasiti na mwanawe walipimwa wodi ya watoto, na walikuwemo. Kikohozi cha mtoto kilikuwa cha mafua tu, kikapona chenyewe, lakini geti haliangalii kikohozi. Siku mbili alijifungia kwake. Siku ya tatu akaonekana anavuka mstari na beseni la nguo kichwani, kana kwamba amekuja kuazima pasi. Nasikia Mama Mkubwa alimsogezea kigoda chake mwenyewe, na hawakusemezana mpaka alasiri.

Nasikia, kwa sababu sikuwepo.

Asubuhi ya majibu nilikuwa nimepanga foleni kwenye geti la pumzi la bandani kama mtu yeyote. Nilikuwa nimeshasafisha kabati langu la kazini, koti nimelikunja nimemwachia Daktari Lusinde. Nilipumua kwenye kijidirisha kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.

Ikawaka kijani.

Nikarudi nyuma, nikapumua tena. Kijani. Mama Fulgence, aliyekuwa nyuma yangu na hotipoti, akasema, "Pita basi, Bi Mwajabu, ubwabwa unapoa."

"Imekosea," nikamwambia Daktari huko maabara. "Nimekula kwake miaka yote."

"Matumbo hayafanani," akasema. "Labda vile vikombe vya Jumatatu. Labda ulikuwa unakula kama ndege." Alinyoosha mkono akanirudishia koti. "Samahani," akaongeza, na wakati ule sikushangaa kwamba anaomba samahani kwa habari njema.

Mtaani maneno yalikwisha kufika kabla yangu. Kawaandika wenzake akajitoa. Ana koti, atashindwaje? Mashine ni ya kwao. Nilijua ningesikia hivyo. Ningekuwa mimi niko upande ule ningesema hayo hayo, tena kwa kuongezea chumvi.

Siku ya nne mchana nilikwenda. Nilisimama kwenye mstari wa njano, viatu vimeugusa. Mlango ulikuwa wazi. Uani kulikuwa kumejaa kuliko nilivyowahi kuona, maana watu waliokuwa wanagawana siku sasa hawakuwa na pengine pa kwenda. Msusi alikuwepo na mume wake alikuwepo, naye kapatikana, na ilionekana ameshaambiwa kila kitu. Walipokutana na macho yangu wakanyamaza, mmoja mmoja, mpaka nikabaki nasikia feni ya Kaduma.

Mama Mkubwa alikuja polepole, anaburuta kigoda. Akakiweka kwenye kizingiti, upande wake, akakaa, mguu mbovu ameunyoosha mpaka kisigino kikawa sentimita chache tu kutoka kwenye rangi.

"Wamesema wewe safi," akasema.

"Mimi safi."

"Ulitaka uwe na sisi."

"Nilitaka."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuwageukia wale wa nyuma, lakini alisema kwa sauti ya kuwafikia. "Mtu anayejitoa hawezi kuja kusimama juani hivi." Kisha akanirudia. "Haya. Huku ndani tumeshaambiana yote mpaka tumeanza kurudia. Wewe unatoka kwenye watu. Fulgence vipi?"

"Amesimama leo asubuhi. Anitha kamshika huku, mama yake huku, wanagombana nani amwachie kwanza."

"Akamwachia nani?"

"Hakuna. Akawaburuta wote wawili mpaka dirishani. Na yule mzee mwekundu wa nje, ambaye mkewe..."

Mama Mkubwa akainua mkono kunisimamisha. Nyuma yake Mwasiti alikuwa amesogea na mtoto, na msusi, na yule wa mjukuu, wanatafuta pa kukaa kwenye korido.

"Anza upya, mwanangu," akasema, "na uongeze sauti. Wa nyuma hawasikii."